Sheikh Al-Amin na Kazi ya Kuhuisha Dini
(Tajdidi katika Uislamu, sehemu ya tatu)

Tangu mwaka 1447 Hijria uingie, mwishoni mwa Juni 2025, vijana wetu hapa Iguguno wanarushiana klipu za masheikh kwenye simu. Huyu wafuasi wake wanamwita mujaddid wa karne, yaani mhuishaji wa dini, yule anaitwa mzushi. Katika sehemu zilizopita, hadithi ya Abu Huraira juu ya wahuishaji hao, iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, tulikwisha kuichambua, na Omar bin Abdulaziz na Imamu Shafi, wanaohesabiwa miongoni mwao, tukawaona. Leo tuje pwani yetu wenyewe, maana vijana hao hao wanaotaja wanazuoni wa Misri na Madina hawamjui Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, naye mwanazuoni, alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Akavuka hadi Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, vinara wa Kishafi wa zama zile. Alisoma pia Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo. Kwa elimu hiyo angeweza kukaa barazani akabusiwa mkono maisha yake yote. Lakini mwaka 1930 akaanza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili, na mwaka 1932 ikafuata Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika juu ya harusi na matanga yanayowaacha watu na madeni, na juu ya mabinti wanaonyimwa elimu. Aliwakemea Waislamu kwa uvivu wao, akawakemea kwa lugha wanayoielewa, wala hakuhitaji kumtoa mtu katika dini. Kwangu mimi hiyo ndiyo tajdidi! Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa aliokuwa nao hadi alipofariki mwaka 1947. Baadaye kiti hicho alikikalia mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, kisha Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar.

Nafasi inaniishia, na la kwetu sijaligusa: kuwafundisha watoto dini kwa lugha wanayoielewa, kama alivyofanya Sheikh Al-Amin. Juzi mtoto wa madrasa alinisomea Suratul Maun bila kukosea hata herufi moja. Nilipomuuliza inasema nini, akainamisha kichwa. Sura fupi vile, inayomlaumu amsukumaye yatima na amnyimaye jirani chombo cha kuazima, naye anaisoma kila siku pasipo kujua! Mwalimu wake simlaumu. Hata yeye ndivyo alivyofundishwa. Ninachowaomba wazazi na kamati za misikiti, kuanzia hapa hadi Nduguti, ni kutenga siku moja kila juma watoto wafasiriwe wanachokihifadhi, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe msikitini mahali mtoto anapoifikia.

Juma lijalo, inshallah, tutamtazama Sheikh Farsy na tafsiri yake ya Qurani, iliyochapishwa kamili Nairobi mwaka 1969.