Umeme Kinandani: Hisia za Msikilizaji wa Taarabu

Neno taarabu lina asili ya Kiarabu, na humo hutaja mtikisiko wa nafsi unaoletwa na muziki. Jina hilo, basi, linamhusu msikilizaji. Ajabu ni kwamba sisi wanafunzi wa fasihi huyachambua mashairi yake karatasini, fani huku na maudhui kule, tukamwacha msikilizaji huyo nje.

Chukua nyimbo za Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Nyingi alizitia mahadhi ya filamu za Kihindi. Mkaazi wa Ganjoni au Mji wa Kale aliyekwisha kuiona filamu sinemani aliijua huzuni ya wimbo kabla ya neno la kwanza la Kiswahili kutamkwa.

Miaka ya 1990 kinanda cha umeme kilishika usukani, hasa katika taarabu ya kisasa ya vikundi kama East African Melody, iliyoitwa rusha roho. (Jina hili nalo ni la hisia!) Wako wasemao mashine imeua hisia. Sikubaliani nao. Uzi wa udi ukishapigwa, sauti hufifia, na katika kufifia huko msikilizaji hupata nafasi ya kushusha pumzi. Sauti ya kinanda cha umeme hushikiliwa mpaka mpigaji atakapo, na ngoma zake hazipumziki. Msikilizaji hawezi kuketi. Harusini, mwanamke aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa madaha kumtunza mwimbaji, na aghalabu huhakikisha aliyekusudiwa anamwona.