Kati ya Kisu na Moto



Jumapili ya leo twapenda kuketi kidogo miongoni mwa walimu wa kale wa Kiyahudi, taifa alimozaliwa Bwana wetu. Hekalu la Yerusalemu liliteketezwa na Warumi mwaka 70. Hata hivyo, walimu hao, waitwao marabi, hawakuacha kuzichunguza sheria za sadaka. Mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna, yapata mwaka 200, na mijadala iliyofuata ikaingia katika Talmudi. Humo mna kitabu kiitwacho Zevahimu, kihusucho sadaka za wanyama, na katika sura yake ya 13 mna swali ambalo kwa mara ya kwanza laonekana dogo.

Mambo ya Walawi, sura ya 17, yakataza kumchinja mnyama wa sadaka nje ya mahali patakatifu. Yakataza pia kuiteketeza sadaka huko nje. Marabi walifundisha kwamba kila tendo lina hatia yake: aliyekosa kwa kusudi alistahili kukatiliwa mbali na watu wake, na aliyekosa pasipo kujua alipaswa kuleta sadaka ya dhambi. Tuseme basi kwamba mtu amechinja nje, kisha akateketeza huko huko nje. Je, ana hatia moja au mbili?

Walio wengi walisema: mbili. Rabi Yose Mgalilaya akasema: moja tu, ile ya kuchinja. Sadaka ilikwisha kubatilika kisu kilipopita shingoni; kilichoteketezwa baadaye kilikuwa kitu kisichofaa tena. Wenzake wakamjibu kwamba hata aliyechinja ndani, kama ipasavyo, akiitoa nyama nje huibatilisha kwa kuitoa. Naye Rabi Yose alikubali kuwa mtu huyo akiiteketeza ana hatia. Basi ubatili wawezaje kuwa kinga? Talmudi yaleta hoja ya kumtetea: iliyochinjwa ndani ilipata wakati wa kufaa, ujapokuwa mfupi, iliyochinjwa nje haikuupata kamwe.

Hoja hiyo ina uzito. Rabi Yose hakuliruhusu tendo lile. Alipima hatia tu. Wala wenzake hawakusema kwamba kila sadaka mbovu huleta hatia hiyo. Mnyama mwenye kilema cha kudumu hakufaa kuletwa Hekaluni tangu mwanzo. Aliyemteketeza nje hakuhesabiwa hatia hii. Lakini mtu wetu alikuwa na mnyama mzima, na aliyemharibu ni yeye mwenyewe. Katika karne ya 12, Maimonides alipozipanga sheria za Kiyahudi, aliandika sawa na walio wengi: hatia mbili.

Sisi hatuna madhabahu ya kuchinjia, ila swali lile latukuta kila siku. Mtunza fedha wa chama amechukua kidogo mwezi uliopita. Mwezi huu ajiambia kwamba hesabu zimekwisha kuharibika, heri achukue tena. Baba amemtukana mkewe asubuhi. Jioni aona siku imekwisha kuchafuka, basi awapigia kelele na watoto. Hata methali twaigeuza kuwa kichaka cha kujifichia: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Twadhani kilichoharibika hakiwezi kuharibiwa tena.

Walimu wale watuonya kwamba tendo la pili lina uzito wake. Na katika onyo hilo sisi twaona faraja. Kama kuwasha moto ni kosa jingine, basi kuacha kuuwasha ni wema wa kweli. Yule mtu, akiwa amekwisha kuchinja, damu ikiwa bado mikononi, alikuwa na nafasi ya kusimama. Asingeweza kulifuta la kwanza, lakini la pili lilikuwa bado mkononi mwake.

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, amwagiza mtu aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza kupatana naye. Amekwisha kufika, na bado aweza kugeuka.

Ndugu zangu, nani kati yetu leo amesimama kati ya kisu na moto? Asijihesabu kuwa amekwisha kupotea. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Amina.