Mhitimu wa Elimu ya Uhalifu na Kazi ya Probesheni

Tuseme kijana wa miaka 19 ameiba baiskeli na kukiri kosa lake. Hakimu ana njia mbili: kumpeleka gerezani, au kumwacha aishi kwao chini ya uangalizi. Kabla ya kuamua, huahirisha shauri na kumtaka afisa wa probesheni alete taarifa ya uchunguzi wa jamii. Siku hizi afisa huyo huenda akawa kijana vilevile, aliyetoka chuo kikuu juzi tu na shahada ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu. Katika makala haya tutachunguza ni ujuzi gani anaoutoa chuoni, na ni upi ambao hana budi kuupata akiwa kazini.

Kazi yenyewe haikuanzishwa na wasomi. Mwaka 1841 fundi viatu mmoja wa mji wa Boston, Marekani, aitwaye John Augustus, alimdhamini mlevi mmoja mahakamani ili asifungwe. Baada ya wiki tatu alimrudisha mbele ya hakimu akiwa mzima wa akili na amenyooka. Hadi alipofariki mwaka 1859, Augustus alikuwa amewadhamini watu wapatao 2,000. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria juu ya jambo hilo mwaka 1878, na Uingereza mwaka 1907. Nchini Kenya huduma ya probesheni ilianza mwaka 1946, na Tanganyika ilipata sheria yake mwaka 1947. Baadaye ziliongezwa sheria za huduma kwa jamii, Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2002. Kwa sheria hizo, mkosaji ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu aweza kufanya kazi ya umma bila malipo, kama vile kufyeka uwanja wa zahanati au kupanda miti, huku akiendelea kulala nyumbani kwake. Wananchi wengi huziita adhabu za namna hii kifungo cha nje.

Sasa turudi kwa mhitimu wetu. Faida yake ya kwanza ni kwamba amezoea kuutazama uhalifu kwa hesabu. Anajua, kwa mfano, kwamba tangu mwaka 1831 Mbelgiji Adolphe Quetelet alikwisha kuonyesha kuwa makosa huwa mengi zaidi katika miaka ya ujana, kisha hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo hatashangaa kwamba mshtakiwa ana miaka 19, wala hatadhani kwamba mwizi wa leo lazima awe mwizi wa miaka 40 ijayo.

Anajua pia kazi ya Ernest Burgess wa Chicago. Mwaka 1928 Burgess alichunguza kumbukumbu za wafungwa 3,000 wa jimbo la Illinois waliokuwa wameachiwa kwa masharti. Alichagua mambo 21, kama vile aina ya kosa, historia ya kazi na makosa ya zamani, akampa kila mtu alama moja kwa kila jambo lililokuwa jema kwake. Wenye alama nyingi, 16 hadi 21, ni asilimia 1.5 tu waliovunja masharti. Wenye alama 2 hadi 4, walivunja asilimia 76. Vipimo vinavyotumiwa leo katika nchi nyingi ni wajukuu wa jedwali hilo.

Hapa ndipo penye hatari, na mwalimu wa hisabati aweza kulifanyia darasa zoezi. Tuchukue wakosaji 100, ambao 20 kati yao watarudia kosa. Tuseme kipimo chetu hupatia mara tatu katika kila nne, kwa wanaorudia na kwa wasiorudia. Kati ya wale 20 kitawataja 15. Lakini kati ya wale 80 wasiorudia kitawataja kwa makosa 20. Jumla ya watakaoitwa hatari ni 35, na zaidi ya nusu yao hawangefanya lolote. Afisa anayemwandikia hakimu kwamba kipimo kimethibitisha kuwa kijana huyu ni hatari ameandika jambo ambalo kipimo hakikulisema. Kilichosemwa ni kwamba yumo katika kundi ambamo wengi kiasi fulani hurudia. Mhitimu aliyesoma takwimu vizuri aijua tofauti hiyo. Aliyeikariri kwa ajili ya mtihani ataisahau siku ya kwanza ofisini.

Jambo jingine ambalo chuo humfundisha ni kutoamini nia njema peke yake. Mwaka 1939, huko Cambridge na Somerville karibu na Boston, wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana. Mmoja wa kila jozi alipewa mshauri, msaada wa masomo, matibabu na kambi za likizo. Mwenzake aliachwa kama alivyo. Msaada uliendelea hadi mwaka 1945. Joan McCord aliwafuatia watu hao, na mwaka 1978 akatangaza matokeo: waliosaidiwa hawakuwa na makosa machache kuliko wenzao, na katika mambo kadhaa, kama ulevi na kufa mapema, hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Ajabu ni kwamba theluthi mbili hivi kati yao walisema mpango ule uliwafaa! Kama wasingekuwapo wale wenzao wa kulinganishwa, mpango huo ungalisifiwa mpaka leo.

Mwaka 1990 Wakanada Andrews, Bonta na Hoge waliweka kanuni ambazo sasa hufundishwa kwingi: uangalizi mkubwa wapewe wenye uwezekano mkubwa wa kurudia, msaada ulenge yale yanayosababisha kosa, na njia ya kufundisha ilingane na mtu mwenyewe. Kanuni ya kwanza huwapinga watu wengi. Mkosaji mwepesi akiitwa ofisini kila wiki, hupoteza kibarua chake na kukaa benchi moja na wazoefu wa uhalifu. Mtu huyo huharibiwa na uangalizi wenyewe.

Basi mhitimu anakosa nini? Kwa maoni yetu, anakosa hasa ufundi wa kuzungumza. Afisa hufika nyumbani kwa mshtakiwa bila kualikwa. Hana budi kumwamkia mzee wa nyumba kwanza, kuonana na chifu au mtendaji wa kata, kisha kwenda kwa mwenye baiskeli, ambaye bado ana hasira, na ambaye maoni yake yafaa yaandikwe pia. Maswali ya dodoso yakisomwa kama yalivyo, mama mtu atajibu ndiyo kwa yote ili mgeni aondoke. Mwanasaikolojia William Miller, katika makala yake ya mwaka 1983 kuhusu walevi, alieleza kwamba mtu akibishiwa hujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyojishawishi kubaki alivyo. Afadhali aulizwe mpaka aseme mwenyewe sababu za kubadilika. Ufundi huo haupatikani kwa kusomewa mhadhara. Hupatikana kwa kusikilizwa na afisa mkongwe na kusahihishwa, miezi mingi.

Taarifa nayo ina adabu zake. Lililoonwa liandikwe kuwa limeonwa, lililosikiwa litajwe limetoka kwa nani, na uvumi wa kijijini usipewe cheo cha ushahidi. Taarifa ya kurasa tatu iliyoandikwa hivyo humsaidia hakimu kuliko kurasa 20 za nadharia.

Darasa lililofanya zoezi la juu lijaribu tena kwa wakosaji 400 wepesi, ambao 20 tu watarudia. Kipimo ni kilekile. Kitawataja 15 kwa haki na 95 kwa makosa.