Msomera: mgeni kaja na nyumba yake

Tangu Juni 2022, malori yalipoanza kushusha vitanda, mabati na mbuzi katika kijiji cha Msomera wilayani Handeni, habari ya kuhama Ngorongoro imesimuliwa kama kesi ya watu wawili: Serikali upande huu, Wamasai wa Ngorongoro upande ule. Yupo wa tatu ambaye hakuitwa wala kuulizwa. Ni mwenyeji wa Msomera, awe Mmasai aliyezaliwa hapo hapo Handeni au Mzigua mwenye shamba lake la mahindi. Yeye hakupanda lori lolote. Alikaa kwake, akaona wapima wanapita na vigingi, na pale alipozoea kulisha ng'ombe pakawa na namba za viwanja.

Serikali ilianza na nyumba 103, zilizojengwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Kila kaya iliyokubali kuhama iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari tatu, shamba la ekari tano, fidia ya mali iliyoachwa Ngorongoro na nyongeza ya Sh10 milioni. Baadaye mpango ukapanuka hadi nyumba 5,000: Msomera 2,500, na zilizobaki Saunyi wilayani Kilindi na Kitwai wilayani Simanjiro. Tupige hesabu ya Msomera peke yake. Ekari nane mara kaya 2,500 ni ekari 20,000, karibu kilomita za mraba 80, na hapo hatujagusa malisho, barabara, shule, majosho wala malambo. Ardhi ya ukubwa huo haipatikani Handeni bila kuwa ilikuwa na mtu, au angalau ng'ombe wa mtu.

Jibu la viongozi lilikuwa fupi: eneo lile ni Pori Tengefu la Handeni, na waliokuwamo ni wavamizi. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu kwa wanasheria na machungu kwa wanakijiji. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974, pori tengefu lilikuwa eneo la kudhibiti uwindaji. Mtu aliweza kukaa humo, kulima na kuchunga. Vijiji vikasajiliwa, vikachagua wenyeviti, vikajenga shule. Sheria mpya ya 2009 ikageuza kibao kwa kupiga marufuku kilimo na malisho ndani ya mapori tengefu. Lakini sheria hiyo hiyo ilimwagiza waziri kuyapitia upya mapori hayo ndani ya miezi 12, na kuhakikisha kwamba ardhi ya kijiji haiingizwi humo.

Kazi ya kutenganisha kijiji na pori ikaburuzwa miaka na miaka, nchi nzima. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alisimamisha uondoaji wa watu kwenye vijiji vilivyokuwa na mgogoro na hifadhi, na kamati ya mawaziri wanane iliyoundwa kushughulikia suala hilo ilikuta vijiji 975 vya namna hiyo. Uamuzi ukawa kwamba 920 vibaki. Kwa maneno mengine, Serikali yenyewe ilikwishajua kwamba Tanzania ina mamia ya mahali ambapo daftari moja linasema kijiji na ramani nyingine inasema pori.

Kwa hiyo mwenyeji wa Msomera ana haki ya kushangaa. Kwa miaka mingi neno "hifadhi" lilitumika kumwambia asijitanue. Lilipokuja suala la kuhamishia watu kutoka hifadhi nyingine, pori likafunguliwa, ramani ikachorwa upya na tingatinga likaingia. Hifadhi ilipokuwa mbele yake ilikuwa ukuta. Ilipokuwa mbele ya mradi ikawa pazia. Mimi sisemi pori lile lingebaki bila nyumba hata moja. Ninachosema ni kwamba kama lilikuwa halifai kukaliwa na watu, lilikuwa halifai kwa wote, na kama linafaa, aliyekuwamo alistahili kuwa wa kwanza kwenye orodha.

Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Julai 2024, iliyotokana na mahojiano na watu wapatao mia moja, inawataja wakazi hao wa zamani. Walieleza kwamba hawakushirikishwa, kwamba ardhi waliyoitumia iligawiwa waliokuja, na kwamba waliohoji walitishwa. Serikali imekuwa ikikanusha madai ya ukiukwaji wa haki na kusisitiza kwamba kila aliyehama alihama kwa hiari. Sawa, tuseme hivyo. Lakini hiari inayozungumzwa ni ya aliyetoka Ngorongoro. Hiari ya aliyempokea haijawahi kuwa na fomu ya kujaza.

Na fomu ilikuwepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji wakiwa wamekaa chini ya mwembe au darasani. Hata Rais, ambaye ndiye mdhamini wa ardhi yote, akitaka kuihamisha ardhi ya kijiji kwenda kundi jingine kwa manufaa ya umma, lazima litoke tangazo, wanakijiji waelezwe, wasikilizwe, na suala la fidia limalizwe. Ujanja uko kwenye neno moja la ramani. Ikiitwa ardhi ya kijiji, unaulizwa. Ikiitwa pori tengefu, huulizwi, unaarifiwa.

Kwa kulinganisha, Uingereza, ambako tangu sheria ya mwaka 1947 mtu hajengi bila kibali cha halmashauri, majirani huandika barua za kupinga kila nyumba mpya zinapopangwa kwenye maeneo ya kijani yanayozunguka miji. Sina huruma nyingi nao. Wengi wao wana nyumba tayari, na wanachotetea ni mandhari ya dirishani na bei ya nyumba zao, huku vijana wakikosa pa kupanga. Wa Msomera hatetei mandhari. Anatetea mahali pa kunyweshea ng'ombe mwezi wa Septemba. Hata hivyo yule wa Uingereza barua yake inapokelewa na kusomwa kabla ya msingi kuchimbwa, na hicho ndicho cha kumwonea wivu.

Isidhaniwe kwamba watu wa Handeni hawajui kupokea wageni. Wazee wao walipitia vijiji vya ujamaa, hasa baada ya Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Wanajua kuhamishwa kunavyokuwa. Na mwaka 2003 wilaya hiyo hiyo ilifungua makazi ya Chogo kwa wakimbizi kutoka Somalia ambao mababu zao walikuwa Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19. Walirudi na Kizigua chao, wakapewa mashamba, wengine wakapata uraia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyolelewa. Msomera mgeni alikuja na jembe, nyumba, shamba lililokwisha pimwa na kiongozi wa kumkabidhi funguo mbele ya kamera. Mwenyeji alibakiwa na kazi ya kupiga makofi.

Jirani zao wa Korogwe wana toleo lao la jambo hili. Huko vijiji vimebanwa na mashamba ya mkonge ya Magunga na Ngombezi, ardhi iliyopita kwa wakoloni, ikataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, kisha mengi ya mashamba hayo yakauzwa tena kwa watu binafsi. Kila mara mwenye hati alibadilika, na mwanakijiji aliyekuwa akiomba sehemu ya kulima aliambiwa amsubiri mwenye hati mpya.

Haki nayo itendeke kwa wahamaji. Mwaka 1959 Serikali ya kikoloni iliwatoa Wamasai Serengeti na kuwapa Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, wakiahidiwa kuishi humo pamoja na wanyamapori. Walikuwa watu 8,000 hivi. Leo wamepita 100,000, na hoja ya Serikali kwamba idadi hiyo inaielemea hifadhi si ya kupuuzwa. Ila jamii ile ile ikihamishwa mara ya pili, na safari hii ikashushwa kwenye ardhi ya Wamasai wengine, mzigo haujapungua. Mfugaji aliyezoea baridi ya nyanda za juu anakuta joto na nchi yenye historia ndefu ya mbung'o. Mwenye wake watatu anakabidhiwa vyumba vitatu. Kiangazi kikikaza, yeye na mwenyeji wanakutana kwenye lambo moja, wote wawili wakiwa na haki mdomoni, na mmoja wao tu akiwa na karatasi mkononi.

Desemba 1, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Wamasai jijini Arusha na kutangaza tume mbili: moja ya mgogoro wa ardhi Ngorongoro, nyingine ya utekelezaji wa uhamaji wa hiari. Zilizinduliwa Februari 2025. Hiyo ya pili ndiyo inayoihusu Handeni moja kwa moja, kwa kuwa kila aliyehama ametoka mahali na ameingia mahali. Kwenye meza yake ulitakiwa uwepo waraka mmoja ambao ungemaliza maneno mengi: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji cha Msomera ulioridhia ardhi hiyo kugawiwa, wenye tarehe, ajenda na saini za waliohudhuria. Kama upo, ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila mtu asome. Kama haupo, basi waliokuwa wakichunga pale kabla ya Juni 2022 waorodheshwe kwa majina na ekari zao, wapewe hati miliki za kimila, kabla msingi wa nyumba nyingine haujachimbwa.