Gemu Iliyonunuliwa, Kisha Ikazimwa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi kampuni za gemu zilivyoanza kumlazimu mchezaji awe kwenye intaneti muda wote ili seva yao ithibitishe uhalali wa nakala yake. Leo tutazame mnunuzi alifikishwa wapi. Desemba 2014, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa The Crew, gemu ya mbio za magari. Hata aliyependa kucheza peke yake ilimbidi aunganishwe na seva. Tarehe 31 Machi 2024 seva hizo zilizimwa, na diski zilizokuwa majumbani mwa watu zikawa hazina kazi tena. Wanunuzi hao hawakuvunja sharti lolote. Ninavyoona mimi, anayepokea bei nzima kwa mkupuo, bila kutaja siku ya mwisho, ameuza. Na aliyeuza hana haki ya kuiharibu mali iliyokwisha kuwa ya mwingine.

Kampuni hujibu kwamba kilichouzwa ni leseni, na mkataba unasema hivyo. Ni kweli, lakini mkataba huo mrefu huletwa mbele ya mteja aliyekwisha kuvutwa na tangazo la kununua, naye hana nafasi ya kujadili hata kifungu kimoja. Jimbo la California limeliona tatizo hili: tangu 1 Januari 2025, sheria yake inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu. Hatua hiyo ni njema, ila haitoshi, kwa kuwa kumwonya mtu kwamba atanyang'anywa hakumzuii mnyang'anyi.

Hoja ya wizi wa nakala ina uzito gemu ikiwa bado mpya sokoni. Ikishaondolewa kwenye mauzo, hakuna tena mapato ya kulindwa. Hoja ya gharama nayo inajibika, maana hakuna anayedai seva ziendeshwe milele. Kinachodaiwa ni kampuni ifungue kufuli kabla ya kuondoka. SimCity ya Electronic Arts ilipotoka Machi 2013, seva zililemewa na wanunuzi wakashindwa kucheza. Waundaji walisema kuiondoa kwenye seva kungehitaji kazi kubwa ya kiufundi. Machi 2014 wakatoa njia ya kuicheza bila intaneti. Gemu zinazochezwa na maelfu kwa pamoja ni ngumu zaidi, nakubali. Hizo ziachiwe programu ya seva, au zikodishwe kwa muda unaotajwa siku ya malipo.

Kufikia mwisho wa Julai 2025, zaidi ya raia milioni 1 wa Umoja wa Ulaya walikuwa wametia saini ombi la kutaka gemu zilizouzwa zisiuawe hivi. Sheria iwape wauzaji njia mbili tu: kuuza na kuacha kitu kinachofanya kazi, au kukodisha na kutaja tarehe.

Itaendelea.