Eksirei ya Umio na Tumbo: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mgonjwa

Umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, pamoja na tumbo lenyewe na duodeni, ambayo ni sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ni viungo laini ambavyo eksirei ya kawaida haiwezi kuvitenganisha vizuri na nyama inayovizunguka. Mwaka mmoja tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua mionzi hiyo mnamo Novemba 1895, Walter Cannon, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alianza kuchanganya chakula cha wanyama na bismuthi, madini mazito yanayozuia mionzi, akaweza kufuatilia safari ya chakula hicho kutoka kinywani hadi tumboni. Kipimo wanachofanyiwa wagonjwa leo kimejengwa juu ya msingi huohuo, ila bismuthi imeiachia nafasi bariamu salfeti.

Dawa hii ni unga mweupe unaokorogwa katika maji hadi uwe mzito kama uji, kisha mgonjwa huunywa. Baadhi ya chumvi za bariamu ni sumu, lakini salfeti yake haiyeyuki katika maji wala katika asidi ya tumboni, na kwa hiyo haiingii katika damu, bali hupaka kuta za ndani za njia ya chakula, huzichora waziwazi kwenye picha, na hatimaye hutoka pamoja na choo.

Ubora wa picha hizo hutegemea sana maandalizi ya mgonjwa mwenyewe. Kwa kawaida huagizwa asile wala asinywe chochote kuanzia usiku wa manane, na pia asivute sigara wala kutafuna chingamu, kwa kuwa mambo hayo huongeza majimaji tumboni. Agizo hili si la kumtesa mtu kwa njaa: mabaki ya chakula yanaweza kuonekana kama uvimbe, au yakaficha kidonda kilichopo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge hana budi kupata mapema maelekezo ya daktari wake, maana kutumia dawa hizo huku akifunga kunaweza kushusha sukari yake hadi kiwango cha hatari.

Wakati wa kipimo, ambacho mara nyingi hakizidi nusu saa, mtaalamu hutazama picha zinazotembea kwenye skrini huku mgonjwa akimeza, akigeuzwa ubavu, au akilazwa. Huenda pia akapewa chembechembe zinazotoa gesi ili tumbo litanuke na mikunjo yake ionekane, na hapo huombwa ajizuie kupiga mbweu mpaka picha zikamilike.

Yapo mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyasema kabla hajanywa dawa. La kwanza ni ujauzito, hata kama ni wa kudhania tu, kwa sababu mionzi inaweza kumdhuru mtoto. La pili ni maumivu makali ya tumbo yaliyoanza ghafla, kwani tumbo likiwa limetoboka, bariamu huvuja na kuleta uvimbe mbaya ndani ya mwili, na dawa yenye iodini inayoyeyuka katika maji ndiyo hutumika badala yake. La tatu ni kupaliwa mara kwa mara, na la nne ni mzio wa dawa yoyote.

Kiasi cha mionzi ni takribani milisiveti 6, ambayo ni sawa na ile anayoipata binadamu kutoka katika mazingira kwa miaka miwili na nusu hivi. Hatari yake ni ndogo, lakini kipimo kisirudiwe bila sababu. Baadaye choo huwa cheupe kwa siku chache, na maji mengi yanahitajika ili bariamu isigande na kufunga choo.

Kipimo hiki huonyesha umbo na mwendo: umio uliobanwa, tumbo lililopenya juu ya kiwambo, vidonda vikubwa, au misuli isiyolegea chakula kinapofika. Hata hivyo, hakiwezi kutambua bakteria wa vidonda vya tumbo, wala kuchukua kinyama cha kuthibitisha saratani, kazi inayohitaji endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Jambo hili ni zito katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, ikiwemo sehemu ya Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako saratani ya umio hupatikana kwa wingi kuliko kwingi duniani. Kwa hiyo, mtu anayekwama na ugali au nyama, kisha akaanza kushindwa hata na uji, asitulizwe na dawa za kiungulia peke yake: aende hospitali mapema, na majibu ya eksirei yakionyesha kasoro, asikose kufanyiwa kipimo kinachofuata.