Binadamu Amevuliwa Taji, Lakini Maktaba Ingali Imefungwa

Roboti anazungumza au roboti inazungumza? Swali hili huzuka mara kwa mara katika madarasa ya sarufi, na wapo wanaolichukulia kuwa mzaha. Si mzaha hata kidogo. Upatanisho wa A-WA katika Kiswahili ni wa viumbe wenye uhai: mtu anakuja, simba anakuja, siafu wanakuja. Neno "kijana" lina umbo la KI-VI, lakini kwa kuwa hutaja mwenye roho, twasema kijana amefika, wala hatusemi kijana kimefika. Jini naye, ijapokuwa hakuna aliyewahi kumtia kwenye mizani, huingia katika ngeli hiyo pasi na kuulizwa kitambulisho. Roboti ndiyo iliyokwama kizingitini. Wapo wanaoandika "imejibu", wapo wanaoandika "amejibu", na kila upande una hoja zake.

Shaka hiyo ndogo ya kisarufi ni njia nyepesi ya kuiendea nadharia ambayo imevuma mno katika vyuo vikuu vya ng'ambo, na ambayo sasa imeanza kutajwa katika tasnifu za wanafunzi wetu. Nadharia yenyewe ni posthumanizimu. Jina lake hutisha, lakini hoja yake ya msingi haina kitisho. Kwa karne kadhaa, falsafa ya Ulaya ilimketisha binadamu kwenye kiti cha enzi, ikamfanya kipimo cha vitu vyote. Mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci, wa mnamo mwaka wa 1490, unaomwonyesha mwanamume aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba, umekuwa nembo ya fikira hiyo. Posthumanizimu inauliza: nani alimpa mtu huyo kiti hicho, na walio nje ya duara ni akina nani?

Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1966, alidai kwamba "binadamu" kama mada ya elimu ni jambo lililozuka juzi tu katika historia, na linaweza kutoweka kama lilivyozuka. Mwaka wa 1985, Mmarekani Donna Haraway, aliyesomea biolojia, alichapisha makala iliyoonyesha jinsi mipaka ya kale baina ya mtu na mnyama, na baina ya kiumbe hai na mashine, ilivyokuwa ikivuja. Mwaka wa 1999, N. Katherine Hayles aliwaonya wale wanaodhani kuwa akili ni habari tupu inayoweza kumiminwa kutoka kwenye mwili hadi kwenye tarakilishi, kama maji yamiminwavyo kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Mwili, alisisitiza Hayles, si chombo cha kubebea tu. Naye Rosi Braidotti, aliyefundisha kwa miaka mingi katika mji wa Utrecht nchini Uholanzi, alikusanya mijadala hiyo katika kitabu chake The Posthuman cha mwaka wa 2013.

Hapa yafaa nitahadharishe kuhusu tafsiri. Baadhi ya wenzetu hupendekeza nadharia hii iitwe "baada ya utu". Naona jina hilo linapotosha. Katika Kiswahili, utu si orodha ya maumbile yanayomtenga mtu na mbuzi. Utu ni mwenendo. Twasema fulani hana utu hali tukijua fika kwamba ana mikono, ana miguu na ana ulimi. Nadharia haidai kuwa huruma na haki zimepitwa na wakati. Inadai kwamba binadamu si mfalme wa peke yake, na kwamba yeye mwenyewe ameumbwa na mahusiano yake na wanyama, mimea, ala na mashine. Atakayeitafsiri kwa pupa atawafanya wanafunzi wamchukie Braidotti kwa kosa ambalo hakulitenda.

Msomaji wa Kiafrika ana swali lake mahususi. Je, tuvuliwe taji ambalo hatukuwahi kuvishwa? Wakati wanafalsafa wa Ulaya walipokuwa wakimtukuza binadamu, meli zilikuwa zikivuka Atlantiki zikiwa zimesheheni watu walioandikwa kwenye vitabu vya hesabu pamoja na magunia. Frantz Fanon alilikabili swala hili katika kitabu chake cha mwaka wa 1961. Tafsiri ya Kiswahili ilipotolewa Dar es Salaam mwaka wa 1978, ilipewa jina Viumbe Waliolaaniwa. Neno "viumbe" hapo si la kupuuzwa. Linawakusanya wote waliopewa uhai, kabla hakijaulizwa cheti cha nani ni mtu kamili na nani si mtu.

Aidha, mjadala wa mtu na kitu si mgeni katika lugha zetu. Padri na msomi wa Rwanda, Alexis Kagame, katika kazi yake ya mwaka wa 1956, alichunguza maneno ya Kinyarwanda yenye mzizi mmoja: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Akajenga juu yake maelezo ya aina nne za kuwako: mwenye akili, kitu, mahali na wakati, na namna. Mwanafunzi wa Kiswahili ataona mara moja kwamba mtu, kitu, jitu na utu vina mzizi huo huo. Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, aliyefariki mwaka wa 2024, alipinga desturi ya kuchukua mambo kama hayo na kuyaita falsafa ya Waafrika wote. Alikuwa na haki ya kupinga, kwani sarufi peke yake haifikiri. Hata hivyo, sarufi hutupa vielelezo vya kufikiria, na mjadala wa Kagame na Hountondji unastahili kusomwa bega kwa bega na Haraway na Hayles.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Nadharia hii hushikilia kwamba hakuna anayefikiri peke yake. Wazo ni zao la mtandao mpana wa watu, vitabu, ala na mazingira. Ikiwa ni hivyo, mbona vitabu na majarida mengi yanayoieneza huuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya upili hawezi hata kuiota? Mwingereza Gary Hall wa Chuo Kikuu cha Coventry aliuliza swali linalofanana na hili katika kitabu chake Pirate Philosophy cha mwaka wa 2016. Kwa maoni yake, wananadharia wanaomkosoa mwandishi mmoja mwenye kumiliki wazo lake huendelea wao wenyewe kuandika, kutia sahihi na kulinda hakimiliki kana kwamba hawakuyasema hayo. Wamemvua binadamu taji kwenye kurasa, wakalivaa wao kwenye jalada.

Wako waliofanya vingine. Wanafizikia walitangulia: mnamo Agosti 1991, Paul Ginsparg alianzisha huko Los Alamos, Marekani, hifadhi ambayo leo inajulikana kwa jina la arXiv, ambapo watafiti huweka makala zao ili zisomwe bila malipo, hata kabla ya kuchapishwa majaridani. Mnamo Februari 2002 likatolewa tamko la Budapest lililotaka utafiti usomwe na wote mtandaoni. Mwaka wa 2008, Hall na wenzake walizindua Open Humanities Press, shirika linalochapisha kazi za nadharia na kuziachilia bure. Wataalamu wa Kiswahili pia wamo: jarida la Swahili Forum, lililoanza kutolewa Ujerumani mwaka wa 1994, husomwa mtandaoni bila ada. Vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta navyo vina hifadhi za kidijitali za tasnifu.

Kizuri hakikosi ila. Baadhi ya wachapishaji waliufungua mlango wa msomaji na kuufunga ule wa mwandishi. Mwaka wa 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa mwandishi anayetaka makala yake isomwe na wote bila malipo. Kwa shilingi za Kenya za wakati huo, hizo zilipita milioni moja. Mhadhiri wa Maseno au wa Eldoret atazitoa wapi? Kwa hiyo, ninaposema elimu igawanywe, simaanishi njia hiyo ya matajiri. Namaanisha hifadhi za vyuo, majarida yanayoendeshwa na wanataaluma wenyewe, na desturi ya msomi kuitoa nakala yake.

Baadhi ya wenzangu watasema: haya ni mambo ya wanafalsafa, yanatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Yanatuhusu sana, na zaidi tangu Novemba 2022, pale mashine ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma. Mashine za aina hiyo hujifunza lugha kwa kupitia maandishi mengi mno, na sehemu kubwa ya maandishi hayo huchotwa mtandaoni. Zikikuta Kiswahili kilichotafsiriwa neno kwa neno kutoka kwa Kiingereza, ndicho zitakachokitema. Kazi za wataalamu wetu kuhusu ngeli, methali, lahaja za Pwani na ushairi zikikaa katika makabati ya idara, mashine hazitazijua, na mwanafunzi atakayeziuliza atajibiwa kwa ujasiri mkubwa na maarifa haba. Mwalimu atasahihisha insha moja moja, ilhali chemchemi ya kosa iko mbali na darasa lake.

Isitoshe, hizo mashine zinazosifiwa kuwa zimempita binadamu zimesimama juu ya migongo ya binadamu. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, mashine ipate kufunzwa kuyaepuka. Hiyo ndiyo posthumanizimu ikiwa imeshuka kutoka mimbarini hadi kwenye mitaa yetu. Mpaka wa mtu na mashine umevuja kweli, na jasho lililovuja ni letu. Nadharia inayotusaidia kulieleza jambo hilo haifai kuwa siri ya wachache.

Zipo hoja za kupinga, na haki yazitaka zisikizwe. Ya kwanza ni wizi wa kitaaluma. Lakini kazi iliyofichwa huibwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hakuna wa kushuhudia. Kazi iliyowekwa hadharani ina tarehe na jina, na kila msomaji ni shahidi. Ya pili ni nzito zaidi: makampuni makubwa yatachota jasho letu bure na kutuuzia. Hatari hiyo ipo, nami siipuuzi. Kuna leseni, kama zile za Creative Commons zilizoanza kutolewa mwaka wa 2002, ambazo humwezesha mwandishi kuruhusu masomo na kukataza biashara, ingawa si kila kampuni huziheshimu. Pamoja na hayo, dawa ya mporaji si kumnyima mwanafunzi. Dawa ni sheria na umoja wa wenye lugha.

Umoja huo umeanza kuonekana. Vuguvugu la Masakhane, ambalo jina lake la Kizulu lina maana ya kujenga pamoja, liliibuka mwaka wa 2019 na kuwakusanya watafiti wa Kiafrika wanaoshughulikia lugha za bara hili katika tarakilishi. Hapa nchini, mradi wa Kencorpus umekusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, na kuziachilia zitumiwe na watafiti. Hao wametenda yale ambayo wananadharia wengi wameyaandika tu: wameuchukulia ujuzi kuwa mali ya ushirika.

Nasi walimu na wanafunzi tuna wajibu wetu. Mwanafunzi wa uzamili anayemaliza tasnifu yake na ahakikishe imefika katika hifadhi ya chuo, ikiwa na ikisiri ya Kiswahili sanifu. Mhadhiri anayechapisha makala ya Kiingereza kuhusu Haraway au Braidotti na aandike kurasa tano za Kiswahili zinazoeleza jambo lilo hilo, azitoe zisomwe na mwalimu wa Lodwar na wa Lamu. Hountondji alilalamika kwa miaka mingi kwamba msomi wa Afrika huandika akimwelekea msomaji wa ng'ambo. Kuandika kwa Kiswahili na kuitoa kazi bure ni njia mojawapo ya kugeuza uso na kumtazama msomaji wa nyumbani. Wakuu wa vyuo nao, wanapowapandisha watu vyeo, wazihesabu kurasa hizo kuwa kazi.

Kama roboti ataingia katika ngeli ya A-WA au itabaki katika I-ZI, wasemaji wataamua kwa matumizi yao, na sisi wanaisimu tutayaandika yatakayotokea. Lakini ikiwa mashine zitazungumza lugha yetu mbele ya watoto wetu, yafaa zikute ndani ya mtandao sauti za walioijua lugha hiyo na kuipenda. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Makala iliyo kabatini haipo.